Mshika Kamba Asiyenyamaza

Mwenzangu hakuuawa na mti. Nalisema hilo kwanza kwa sababu kila nikitaja kazi yetu na kwamba yeye amefariki, watu hutazama juu, kana kwamba tawi bado linaning'inia. Alikufa kitandani, kwa homa ya matumbo, baada ya miaka mingi ya kusimama chini ya vitu vizito. Mwenyewe angesema ni aibu kwa fundi.

Kazi yetu ilikuwa kupunguza na kukata miti hapa Juba: mwarobaini ulioegemea mabati, mwembe uliopasuka, mti mkavu kando ya ukuta wa mtu. Mimi nilipanda, yeye alishika kamba. Ukisikia hivyo utadhani mimi ndiye fundi na yeye msaidizi. Hata mimi nilidhani hivyo kwa muda. Lakini tawi nililokata halikuachwa lianguke. Nililifunga kamba, kamba ikapita kwenye panda juu yangu, ikashuka mpaka chini na kuzungushwa shinani, naye akaiachia polepole kama mama anayemshusha mtoto mgongoni. Akiachia ghafla, tawi linatoboa mabati ya mwenye nyumba. Akikaza vibaya, linanirudia mimi.

Tulijifunza pamoja. Kampuni iliyotunza nyumba za wageni ilimleta mwalimu kutoka Nairobi, nasi tulikuwa vibarua wa bustani tuliosimama karibu. Mimi ni mtu wa Kitale, nimeishia darasa la sita. Yeye alikuwa mtu wa Arua na hakuwahi kusema aliishia wapi. Mwalimu alitufundisha mafundo, na jinsi ya kuvaa mkanda unaoshika kiuno na mapaja. Alitupa kofia ngumu, miwani, na suruali nzito ya kuzuia msumeno wa mnyororo. Suruali hiyo kwenye joto la Juba ni sufuria.

"Hii suruali haizuii msumeno," mwenzangu aliniambia kwa sauti ya chini. "Inaivisha nyama tu, ndiyo msumeno ikuje kukata laini."

Mwalimu alisisitiza kwamba kati ya aliye juu na aliye chini yapite maneno matatu tu: tayari, teremsha, simama. Mwenzangu aliitikia kwa heshima kubwa. Siku ya kwanza tulipoachwa peke yetu, sijafika hata kwenye panda ya kwanza, nikasikia kutoka chini: "Wewe, mimi iko naona magoti yako inagongana. Mti imeniuliza kama wewe ni mgonjwa."

Hakunyamaza tena. Alisema juu ya buti zangu, juu ya ukoo wangu, juu ya Wakenya na mapenzi yao ya kulala mapema. Nilikasirika, nikamkumbusha yale maneno matatu. Akasema anayatumia, ila anayaongezea chumvi.

Kilichonibadilisha ni mti mmoja kule Nesitu, nje ya mji, uliofunika kibanda wanakokula madereva wa malori. Nilikuwa nimeshakata tawi, linaning'inia hewani, mara chini kukawa kimya. Nikatazama. Nyuki walikuwa wamemfunika kichwa. Alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili, amefumba macho na mdomo, anateremsha. Tawi lilipogusa ardhi ndipo alipokimbia. Baadaye, uso umevimba kama mandazi, nilimuuliza kwa nini hakupiga kelele.

"Mimi ningefungua mdomo, wao wangeingia," akasema. "Na wewe ungeanza kuuliza maswali."

Tangu siku hiyo sikuhitaji kutazama chini. Nilisikiliza. Maadamu ananikejeli, ananiona mimi na anaiona kamba. Ndiyo sababu niliacha kutumia msumeno wa mnyororo juu ya mti, isipokuwa pale ninapolazimika. Ule wa mkono ni wa polepole, lakini unaniruhusu kutukanwa vizuri.

Tulimzika kwao Arua. Sikulia, mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Nilitupa udongo, nikarudi kwa lori. Mke wake naye alirudi, kwa sababu ana meza yake ya chai katika soko la Konyo Konyo na watoto wanakula kutoka hapo. Huyu namwita shemeji, na kwa haki ya shemeji alikuwa amenitania miaka yote, pengine kumshinda mumewe. Baada ya mazishi aliacha. Alinimiminia chai na kuniuliza kama nataka sukari, na hali anajua.

Nilipata mshika kamba mwingine, mtu wa hapa Juba aliyekulia katika kambi ya wakimbizi Kenya. Ana nguvu, ana akili, hanywi. Ananiita mzee. Nilimweleza habari ya nyuki ili aelewe ninachohitaji, akasema, "Ndiyo, mzee," kisha akanyamaza. Sina lawama yoyote kwake. Lakini nikifika juu, ni kama hakuna mtu duniani. Mti wa kwanza nilitazama chini mara nyingi hata nikashuka bila kumaliza. Wa pili nilisema kuna upepo. Hapakuwa na upepo.

Nilimwambia shemeji kwamba wa tatu ukinishinda nitauza vifaa nirudi Kitale, kwani hapa sijui kazi nyingine. Akasema, "Sawa," akaendelea kuosha glasi.

Wa tatu ulikuwa mwarobaini wa bibi mmoja wa mtaa wa Juba Na Bari. Tawi lake lilikuwa limelalia chumba wanacholala wajukuu, na mvua za upepo zilikuwa zimekaribia. Nilipanda, nikafunga kamba, nikachomoa msumeno. Kimya. Mikono ikakataa. Nililikumbatia shina nikabaki hivyo, mwewe wakizunguka, mto ukionekana vizuri tu nyuma ya nyumba. Chini, mshika kamba ananitazama kwa subira, kama mtu aliye kanisani.

Ndipo shemeji alipoingia langoni na chupa ya chai ambayo hakuna aliyeiagiza. Akaitua. Akatazama juu kwa muda mrefu. Nilitamani asinione.

"Shemeji," akasema, "wewe iko nafanya nini huko? Unanyonyesha mti?"

Bibi mwenye nyumba aligeukia ukuta kuficha kicheko. Shemeji alivuta kigoda akakaa, akaendelea bila haraka. Mwewe, alisema, wameona nyama lakini wanasema hii ni ya zamani. Kisha akasema: "Marehemu alikuwa naniambia, huyu kupanda anajua. Kushuka ndiyo anangoja Yesu arudi."

Nikaanza kukata. Nilikata kipande baada ya kipande, navyo vikashuka taratibu, na shemeji hakupumzika. Alifika mpaka kwenye buti zangu, ambazo nilidhani utani wake ulizikwa pamoja na mumewe.

Kilibaki kipande cha mwisho, kinene, juu kabisa ya mabati. Nilipofika katikati yake, chini kukawa kimya.

Nikatazama. Shemeji alikuwa ameweka leso mdomoni na mabega yanatikisika, na hakuwa anacheka. Mshika kamba hakuwa amemgeukia. Macho yake yalikuwa kwenye tawi, kamba imekazwa.

"Mzee," akasema, "hakuna nyuki. Mama analia tu." Akafikiri kidogo. "Kata, ama tukuletee kitanda huko juu?"

Haukuwa mzaha mkubwa. Marehemu angemrudisha darasani. Lakini nilikata, kipande kikaning'inia, kikapita kando ya mabati bila kuyagusa, kikalala uani. Kisha nikashuka, bila kumngoja Yesu.

Shemeji alikuwa ameshajifuta uso. Alinimiminia chai, akatia sukari yangu, na hakuuliza.