Sikusaini Kwamba Sikuumia

Kazi yangu ilikuwa kuchukua magari bandarini Dar es Salaam na kuyaleta Tunduma, wenyewe wayapokee upande wa Zambia. Wakala aliyenipa kazi alikuwa na sharti moja: kiti kifike na nailoni yake, bila mkunjo wala jasho. Kwa hiyo sisi madereva, ili mkanda usitubane kwenye nailoni ikajikunja, tulikuwa tunaupitisha nyuma ya mgongo na kuuchomeka hivyohivyo, kengele ya kukumbusha mkanda inanyamaza. "Gari hili lina eabegi," alituambia. "Mnaogopa nini?"

Asubuhi moja, nikikaribia Chapwa, niligonga nyuma ya lori lililosimama kwenye foleni ya mpakani. Eabegi, ule mfuko wa hewa wa kwenye usukani, ilifunguka, kweli. Lakini mwili wangu haukushikwa na kitu. Ulirushwa pembeni, kichwa kikapiga nguzo ya mlango. Usoni sikuwa na hata mkwaruzo. Nilishuka mwenyewe, nikasalimia watu. Jioni nikaanza kutapika, na jina la mama likanitoka kabisa. Hospitalini Mbeya walinipasua fuvu, wakatoa damu iliyovilia ndani.

Miezi mitatu baadaye wakala alikuja nyumbani na karatasi. Mama alimpa stuli. Karatasi ilisema nilifunga mkanda vizuri, eabegi ikafunguka, sikuumia.

"Saini hapo, mdogo wangu. Wenye magari wameninyima kazi mpaka waione hii. Wiki ijayo unarudi barabarani."

Hiyo ndiyo kazi pekee ninayoijua.

"Niliumia," nikasema.

"Wapi? Uso unang'aa kama bwana harusi! Mama, hebu mwambie mwanao."

Mama alinivua kofia. Kovu linaanzia sikioni, linafika utosini.

"Basi ni hapa," alisema. "Mwangalie vizuri bwana harusi wako."

Wakala akaangalia mlango. "Usiposaini, gari langu huligusi tena. Vijana wamejaa stendi."

Mimi si mtu wa kubishana. Shuleni nilikuwa namjibu mwalimu huku nikitazama sakafu, mpaka nikamaliza la saba. Siku hiyo nilimtazama wakala usoni. Nikageuza karatasi, nikaandika: *Mkanda niliuweka nyuma kwa sababu ulitaka kiti kisichafuke. Eabegi ilifunguka. Niliumia kichwa.*

Mkono wa kulia sasa unachelewa, kila herufi naitafuta.

"Bado tu?"

"Subiri, kaka."

Nilipomaliza nikasaini chini ya maneno yangu. Alisema nimeiharibu karatasi, ataleta nyingine.

"Lete," nikamwambia. "Nitaandika hivyohivyo."