Lango la Tohirjon

Tohirjon alikuwa msanifu mkuu wa majengo wa mkoa wetu, hapa bonde la Fergana, na mimi jirani yake sikuwahi kumwonea gere. Kila barabara pana mjini ilipita kwanza mezani kwake. Ilipotakiwa nyingine, ikapitishwa juu ya mtaa aliozaliwa: nyua, mizabibu, tanuri za mikate, vyote chini. Watu wakahamishiwa ghorofa ambazo ramani zake alizitia saini mwenyewe.

Siku ya kukabidhiwa funguo, Bi Hosiyat alipanda ngazi akasimama kwenye kona. Bibi huyu alimnyonyesha Tohirjon mama yake alipougua, kwa hiyo cheo chake hakikumtisha.

"Tohir, hapa jeneza litapindaje?"

"Mama, wewe utatuzika sisi sote!"

"Sijauliza nani atamzika nani. Nimeuliza litapindaje."

Watu walicheka, Tohirjon hakucheka. Alikuwa ameiona kona ile kwenye ramani, akajua ni nyembamba, akaipitisha kwa sababu wakubwa walitaka majengo yazinduliwe kabla ya sikukuu.

Baridi ya kwanza akafariki mzee wa ghorofa ya tatu. Kwetu maiti hutoka kwake amelazwa, mabegani mwa wanaume. Huyu aliteremshwa ndani ya blanketi kama gunia la viazi, jeneza likimsubiri chini, na wanawe wakificha nyuso. Tohirjon alikuwapo. Alirudi nyumbani akasusa hata pilau. Majuto ni mjukuu, na hayapanui ngazi.

Wiki haijaisha, Bi Hosiyat akafika na magodoro yake kwa Tohirjon. Maana msanifu wetu, yeye mwenyewe anakaa nyumba ya chini, yenye ua na lango la kupitisha lori.

"Nimekuja kufia kwako. Ulijijengea lango zuri."

Zumrad, mkewe, akashika kiuno. "Karibu, mama. Chai kwanza, kufa baadaye."

Alikaa mpaka miaprikoti ikachanua, akila vizuri na kuyakosoa mapishi ya Zumrad. Jioni Tohirjon humkanda miguu. Siku moja neno likamtoka.

"Mama, nilijua. Nilijua, na bado nikatia saini."

"Najua kwamba ulijua, mwanangu. Haya, kanda na huu mwingine."

Alipofariki, alitoka langoni amelala sawasawa. Tohirjon alijifunga kiunoni mshipi wa msiba, kama wana wa kuzaa wa marehemu, akashika jeneza mbele, akilia kwa sauti bila kujali nani anamwona. Nikasema moyoni, leo atapata usingizi.

Tuliporudi kutoka makaburini, Rasul, mwana mkubwa wa marehemu, alimshika mkono.

"Ahsante, kaka. Mungu akulipe." Akasita kidogo. "Baba mkwe wangu yuko ghorofa ya nne. Hali yake si nzuri."

Tohirjon aliziangalia zile ghorofa zilizochomoza nyuma ya paa lake, madirisha yote yale, na nyuma ya kila dirisha mtu.

"Mlete," akasema.