Maneno ya Kamanda

Alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi nyuma ya kituo cha mafuta, na kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Shati likishatoka mikononi mwake, hata mvivu alilivaa akaonekana mtu wa maana. Wenzake walimwita Mama Mvuke, ingawa hakuwa amejaaliwa mtoto, kwa vile tangu asubuhi mpaka jioni alikuwa amesimama ndani ya wingu la pasi. Walimjua kuwa mpole na mchapakazi. Wasichokijua ni kwamba mikono ikiwa kwenye kola za watu, akili yake ilikuwa kwenye gemu.

Ugonjwa huo aliambukizwa na kaka yake, enzi wakiwa bado kwao. Kaka alipooa alihama na kitanda chake akaacha mashine ya gemu, na dada akairithi pamoja na pedi zake za kuchezea zilizochakaa. Hata mume alimpatia huko huko kwenye gemu. Siku moja katika ukumbi wa gemu alicheza na kijana mmoja mwenye maneno mengi, akamchapa mbele ya marafiki zake mpaka wakaanza kumhurumia. Wanaume wengine aliowahi kuwashinda walinuna, au walisema pedi ni mbovu. Huyu aliweka pedi chini akacheka mpaka akajishika mbavu. Kicheko kile ndicho kilichompeleka kwenye ndoa.

Miaka ya mwanzo ilikuwa na utamu wake. Walikuwa na chumba na sebule, na kochi lililobonyea katikati kiasi kwamba mkikaa wawili lazima mgusane. Jumapili mchana hawakutoka. Walicheza kwa zamu na kubishana, na ubishi wao ulikuwa na mambo matatu: mapigano, hadithi na nyongeza, yaani vile vipande vinavyotolewa gemu yenyewe ikishaisha, vinavyouzwa kando.

Mume alikuwa mtu wa mapigano. Gemu aliyoipenda kuliko zote waliiita Mwenye Shoka, ya mtu anayewasaka waliochoma nyumba yake. Alisema hakuna gemu nyingine ambayo pigo linasikika mpaka kwenye kiwiko cha mchezaji. Mke yeye alikuwa na Mji wa Chumvi, ya msichana anayemtafuta kaka yake katika mji uliohamwa. Mapigano yake yalikuwa ya ovyo, hilo alilikubali. Yule msichana alirusha ngumi kama anayefukuza nzi. Lakini kila nyumba aliyoingia ilikuwa na watu walioondoka kwa sababu zao, na ukimaliza gemu ulikaa kimya kwanza.

Siku moja mke alisema jambo lililomfanya mume asimamishe mchezo. Alimwambia kuwa hata Mwenye Shoka ana hadithi, ila haiko kwenye maneno. Shoka likishamwingia adui hunasa, na inabidi ulivute. Katika ule muda mfupi wa kulivuta huna silaha, na wengine wanakujia. Hapo ndipo unapomjua yule mtu: anaogopa kila anapoua. Nyongeza yake, akaendelea, iliharibu kila kitu, kwa kuwa ilimletea shoka jipya lisilonasa, na hofu ikaisha. Ile ya Mji wa Chumvi ilikuwa kinyume chake. Huko unacheza kama yule kaka, na unagundua hakupotea. Alimkimbia dada yake. Kwa hiyo, alisema, kuna nyongeza inayokufanya uitazame upya gemu uliyodhani umeimaliza, na kuna nyongeza iliyokatwa kwenye nyama ya gemu ili uuziwe mara ya pili.

Mume aliweka pedi chini. Akasema watu wangependa kusikia hayo.

Ulikuwa wakati ambao ghala alilofanyia kazi lilikuwa limepunguza watu, naye akiwamo, na siku nzima alishinda nyumbani akizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Wakafungua chaneli mtandaoni. Mara ya kwanza walijirekodi wote wawili, mke akizungumza zaidi. Mume alipoitazama akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba sauti yake ni nzuri lakini watazamaji wakimwona mwanamke wataanza na sura yake kabla ya kufika kwenye gemu. Afadhali yeye asimame mbele, ayapokee matusi kifuani. Mke aliona ni mapenzi. Huenda siku ile yalikuwa mapenzi kweli.

Basi ikawa hivyo. Jioni, mke akishatoka kazini na kuoga, aliketi kwenye kochi akamweleza: gemu hii mapigano yake yana kasi lakini hayana woga, hadithi ya ile inaanza vizuri inachoka katikati, nyongeza ya ile nyingine usiinunue. Kesho yake mume aliyasema mbele ya kamera, amevaa shati lililonyooka kuliko la bwana harusi, na kujiita Kamanda. Alikuwa na kipaji chake, haki yake apewe. Alijua wapi pa kunyamaza na wapi pa kuinua nyusi. Watu wakamfuata, kwanza kidogo kidogo, kisha kwa makundi.

Kamanda alipopata jina, nyumba ilibadilika. Kochi lilitolewa, mahali pake pakawekwa taa na meza. Mama yake mzazi alihamia kwao, akawa akiwaambia wageni kuwa mwanawe anafanya kazi ya kichwa na wasipige kelele. Mke aliombwa asipite mbele ya kamera. Kamanda mwenyewe aliacha kumaliza gemu. Alicheza mwanzo, akapiga maadui wachache apate picha za kuonyesha, kisha akiwa anakunywa chai alimuuliza mkewe, "Hii mwisho wake unakuwaje?" Naye alimwambia. Aliendelea kumwambia kwa sababu zile dakika za chai ndizo pekee zilizobaki ambazo mumewe alimsikiliza.

Kisha Kamanda akaalikwa kuzungumza kwenye ukumbi mkubwa, mbele ya wapenzi wa gemu. Mke aliomba ruhusa kazini, akaketi katika viti vya mbele na gauni lake zuri. Mumewe alizungumza juu ya shoka linalonasa, juu ya hofu, juu ya nyama ya gemu iliyokatwa. Ukumbi ulimsikiliza kwa makini. Mke aliyajua maneno kabla hayajatoka, na moyo wake ulikuwa umejaa. Alidhani leo atatajwa.

Ulipofika wakati wa maswali, msichana mmoja alisimama akauliza kuhusu nyongeza ya Mji wa Chumvi: je, yule kaka alikuwa na haki ya kumkimbia dada yake? Kamanda hakuwahi kuicheza. Macho yake yalimtafuta mkewe, yakamwona, na kwa muda mfupi mke alidhani anaombwa msaada.

"Hadithi za kulia namwachia mke wangu," Kamanda alisema. "Yuko pale mbele. Pedi hajui hata kuishika, lakini machozi anayo ya kutosha."

Ukumbi ukaangua kicheko. Watu waligeuka kumtazama, na yeye akatabasamu pamoja nao. Tabasamu lile ndilo ambalo baadaye alishindwa kujisamehe.

Walirudi nyumbani. Mume alipoketi kuvua viatu, mke alimuuliza yale maneno ya leo aliyatoa wapi.

"Ulikuwa utani tu," alisema. "Watu wanataka kucheka."

"Siulizi utani. Nauliza yale mengine, ya shoka."

Mume alifungua kamba za kiatu cha kwanza, akafungua na za pili. "Maneno ni ya anayeyasema," akasema. "Ungeyasema wewe, nani angekaa kukusikiliza?"

Mke alikwenda kulitundika gauni lake. Alichelea kuwa kweli ni hiyo.

Hazikupita wiki nyingi mke akaondoka. Mama mkwe alimsindikiza mpaka mlangoni ahakikishe hachukui taa. Alichukua nguo zake na ile mashine ya kaka yake, akapanga chumba karibu na duka la dobi. Huko, Jumapili moja, aliweka simu juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajirekodi. Alianza na kile alichokipenda zaidi: lile shoka, na woga wa kulivuta. Sauti ilitetemeka mwanzoni, kisha ikakaa sawa.

Maoni yalikuja. Huyu anamwiga Kamanda. Huyu ndiye mke aliyemkimbia, sasa anataka kula jina lake. Wengine walianza na sura, kama alivyoambiwa. Lililomkata maini liliandikwa na mtu mwema: "Dada, unajitahidi, lakini tafuta ya kwako ya kusema." Alijaribu kueleza, akaandika kwamba yale yalikuwa yake tangu mwanzo. Kamanda akamjibu kwenye chaneli yake na uso wa huzuni. Alisema hana kinyongo, anamtakia heri, na alimfundisha kadiri alivyoweza.

Bado hakukata tamaa. Alichagua gemu mpya ambayo Kamanda hakuwahi kuigusa, akaicheza mpaka mwisho, akatafuta maneno ambayo hakuwahi kumpa mtu. Waliomtazama walikuwa wa kuhesabika. Siku chache baadaye Kamanda alitoa kipindi juu ya gemu hiyo hiyo, na mke, akiwa amesimama na pasi, simu imeegemea chupa ya maji, aliyasikia maneno yake mapya yakitoka na nyusi zilizoinuliwa mahali pake. Mumewe alikuwa akimtazama, kumbe. Huenda ndiye aliyemtazama kwa makini kuliko wote. Na waliofika kwenye chaneli ya mke baada ya hapo walimwambia anaiga tena.

Aliifuta chaneli siku ile ile. Kucheza hakuacha, ila ladha ilipungua: kila akivuta shoka, sauti iliyomweleza kichwani haikuwa yake tena.

Juzi mwenzake wa kaunta alimjia akiwa na sura ya kutaka ushauri. Mwanawe anamaliza shule, anataka gemu, na yeye hajui ipi ni ipi. Mama Mvuke alisema hayo mambo hayajui, amuulize Kamanda.

"Unamjua na wewe?" mwenzake akafurahi. "Yule mtu anaeleza mpaka mimi nisiyecheza naelewa."

"Ndiyo," alisema. "Anaeleza vizuri." Akavuta shati lingine, akaanza na kola.