Hodi ya Tatu

Hodi ya tatu isipojibiwa, mtu wa mtaa wa Kuze huondoka. Hata mlango ukiwa wazi, hata akisikia sufuria zikigongana ndani, haingii mpaka akaribishwe. Adabu hiyo Bi Hussaina aliwafundisha wanawe kwa makofi, na sasa ndiyo iliyomfungia ghorofani peke yake.

Sauti yake ilikuwa maarufu. Akibishania bei ya bamia dirishani, Chengo muuza mboga alikuwa akimsikia tangu kona ya msikiti. Kisha akapasuliwa rovu, uvimbe wa tezi ya shingoni. Kidonda kilipona vizuri, sauti haikurudi. Daktari alimweleza kuwa mshipa wa fahamu unaoendesha sauti umeumia. Huenda ukapona, huenda usipone, asubiri. Akisema, hutoka pumzi tu na mkwaruzo.

Watu walikuja kumjulia hali. "Hodi!" Akajibu "Karibu," na karibu yenyewe ikaishia jikoni. Magoti nayo si ya kukimbilia ngazi. Kila akifika chini, mgeni keshakwenda zake. Hata Swafia, jirani aliyezoea kumletea mahamri, akaanza kusema Bi Hussaina siku hizi hataki watu. Yeye, asitake watu! Wanawe wako ng'ambo. Kila jioni alimimina vikombe viwili vya chai, kimoja kikapoa mezani. Upweke ulimuuma kweli kweli.

Aliyemtaka hasa ni Tasleem, shoga yake wa tangu madrasa, aliyehamia Ganjoni kwa mwanawe. Alimpigia simu. "Haloo? Haloo? Mtandao mbaya huu," Tasleem akakata. Kumwandikia kwamba amekuwa bubu aliona haya. Tasleem alishakuja mara mbili akarudi bila jibu, na Hussaina alimjua kwa kiburi: akirudi tena hivyo, haji tena.

Alhamisi moja akaisikia hodi anayoijua. Akajibu, hewa tupu. Hodi ya pili. Akagonga meza, nani asikie na pikipiki zapita? Hodi ya tatu. Alipofika dirishani, rida aliyojitanda shoga yake ilikuwa imeshageuka. Mkononi Hussaina alikuwa na bakuli la maji aliyooshea mchele. Akayamwaga.

"Ebo! Wanimwagia maji?" Tasleem akafoka, akainua uso. Juu aliona mdomo umefunguka na hakuna kinachotoka.

Akapanda bila kukaribishwa, kwa mara ya kwanza maishani mwake, maji yakimchuruzika. "Mbona hukunambia, shoga?"

"Ningekwambia kwa sauti gani?"

Tasleem ilibidi amtegee sikio mdomoni kabisa.

Kelele zile zilimtoa Swafia nyumbani kwake. Akasimama mlangoni, akabisha kwa wasiwasi, mguu mmoja tayari umeelekea kurudi. "Hodi, Bi Hussaina?"

"Karibu!" Tasleem akapaza sauti.

Midomo ya Hussaina ilikuwa imelitamka neno lilo hilo, wakati ule ule. Akajifunika uso kwa viganja akalia, huku akimsikia Swafia anapanda ngazi.