Bomba la Mkamwana

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Ilula, nilishika jembe bila kujua tunachimba nini. Nilikuwa nimeacha shule darasa la tano, nikawa nauzia abiria nyanya barabarani. Nilipoona watu wanapima ardhi kwa kamba, niliweka ndoo chini nikawauliza. Fundi Mkuu akanijibu, "Choo. Ukitaka kujua zaidi, shika jembe." Nikashika.

Choo chenyewe si kigumu. Ni shimo, slabu ya zege yenye tundu, kibanda, na bomba linalotoka shimoni hadi juu ya paa. Upepo ukipita juu ya bomba, hewa ya shimoni huvutwa na harufu hutoka nayo. Kibanda kiwe na giza, ili nzi wa shimoni wafuate mwanga wa bomba. Juu wanakuta wavu, wanafia hapo. Ubaruku, kwenye mashamba ya mpunga, nilijifunza jingine: shimo laweza kujaa maji kabla hujamaliza kusifiwa. Kule tulijenga juu ya tuta.

Nilichojifunza kwenye milima ya Rungwe kinanichanganya hadi leo.

Kijana mmoja aliyefanya kazi Mbeya mjini alituagiza tujenge choo kwa wazazi wake. Mkewe, aliyeishi nao, alikuwa mjamzito, mvua zimeanza, na kila siku aliteremka mteremko wa utelezi kwenda choo cha jirani. "Asije akaanguka," alituambia.

Tukajenga. Baada ya wiki nikaja kukagua. Harufu hakuna, nzi wamejaa wavuni, na mama yule bado anateremka kwa jirani, mkono mmoja tumboni, mwingine umeshika migomba.

Nikarefusha bomba. Akateremka. Nikageuza mlango uelekee upepo. Akateremka. Msimamizi wetu akanifokea, "Umekosea wapi?" Nikarudi kuuliza upepo unatoka wapi.

Mama mkwe wa yule mjamzito akacheka hadi akakaa chini. "Fundi, nyie Wahehe mnaishije? Mkamwana aingie anapoingia baba mkwe? Hata wakikutana njiani, anajificha migombani!"

"Na mwanao hakujua?"

"Alidhani baba yake atabaki na kile cha zamani. Kumbe mzee ndiye aliyekizindua hiki kipya."

"Mbona hamkuniambia?"

"Hukuuliza. Uliuliza upepo unatoka wapi."

Nikachimba shimo la pili, upande wa pili wa nyumba, nikamimina slabu mpya. Bomba lilikuwa moja tu. Mzee akasimama mbele ya choo chake, akalitazama, akasema, "Lichomoe, umpelekee. Mimi nzi nimewazoea."

Kilipokamilika, hakuweza kumwuliza mkamwana kama kinafaa. Akaniuliza mimi. "Bado anateremka?"

"Hapana, tata," nikasema, nikimwita baba kwa lugha yao.

Akachukua panga, akaanza kufyeka njia mpya ya kwenda shambani, asipite tena upande ule.

Sasa magoti yamegoma kushuka shimoni, nimetulia Igowole. Vijana wananiuliza vipimo, nawapa. Yule mzee nashindwa kuwaeleza. Sikumwona hata mara moja akimtazama mkamwana wake. Ni heshima? Ni woga? Ni upendo? Nimezunguka sana, nimeuliza wengi, kila mmoja ananipa jibu lake.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume. Alipewa jina la babu yake. Mama yake hawezi kutamka jina la baba mkwe, kwa hiyo nilipopita tena pale nilimsikia akimwita, "Baba, njoo ule."