Marehemu wa Jukwaa la Jua

Hamoud Khalil alikuwa na sauti isiyolingana na mwili wake. Mwili ulikuwa mwembamba, wa kinyozi aliyeinamia vichwa vya watu tangu ujana wake. Sauti ilikuwa pana, na ilipotoka ilimfanya mwenyewe aonekane mdogo zaidi. Duka lake la kunyolea liko Mkunazini, katika kichochoro ambacho jua huchungulia kidogo tu na kuondoka. Kila timu yake, Tufani, ilipocheza katika uwanja wa Amaan, alifunga mlango baada ya sala ya adhuhuri, akavaa fulana ya zambarau juu ya kanzu, akaenda kukaa jukwaa la jua. Ndivyo washabiki wa Tufani walivyouita upande wao, kwa sababu jua la alasiri liliwapiga usoni mpaka mpira unakwisha.

Hapo ndipo alipokuwa mtu. Yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Akisimama, ngoma zilinyamaza. Alitoa mstari wa kwanza peke yake, kisha jukwaa zima likampokea. Baina ya sauti yake na sauti ya watu palikuwa na nafasi ya pumzi moja, na Hamoud aliishi kwa ajili ya pumzi hiyo. Ilikuwa kama kujitupa kutoka darini huku ukijua utadakwa.

Matamasha nayo hayakumpita. Likija kundi la taarab au vijana wa muziki wa siku hizi, alikuwapo uwanjani, mzee mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono katikati ya wasichana na wavulana.

"Huko nako unakwenda kusikiliza nini, Baba Basma?" mkewe Kidawa alimuuliza mara moja. Kidawa ni mtu wa Jambiani, na kelele za mjini hakuzizoea.

"Siendi kusikiliza," alijibu. "Nnakwenda kupokewa."

Kila mwaka, kabla ya msimu kuanza, washabiki wa Tufani husoma hitma katika nyumba ya klabu, Kajificheni. Huwaombea wachezaji na washabiki waliotangulia. Mzee Gharib, ambaye macho yamekwisha kumwacha, ndiye anayetaja majina. Hayakuandikwa popote, yamo kifuani mwake, kuanzia golikipa wa kwanza wa timu. Akitaja, hakuna anayemkatiza. Na jina likishatajwa, limetajwa, mpaka hitma ya mwaka wa pili.

Mwaka ule alikuwa amefariki Hamoud Seif, fundi cherehani, mshabiki mkimya wa safu za nyuma. Mzee Gharib alipofika mwisho alivuta pumzi, akatulia, kisha akasema kwa sauti ya upole kabisa:

"Na Hamoud bin Khalil."

Kinyozi alikuwa amekaa karibu na dirisha, mikono imefumbuliwa kwa dua. Aliitazama mikono yake. Chumba chote kiliitikia amin. Yeye pia alijisikia akiitikia amin, na alipotanabahi kwamba amejiombea maghufira, maneno yalikuwa yameshatoka.

Pilau ilipoletwa, Pandu alivunja ukimya. Pandu huuza samaki Darajani, na ndiye mwenyekiti wa washabiki. Mdomo wake haukai.

"Hebu marehemu, nisogezee pilipili."

Watu walicheka mpaka punje za wali zikawatoka. Mzee Gharib, alipoelezwa, aliinamisha kichwa.

"Ulimi umeteleza, mwanangu. Lakini jina la hitma silirudishi. Mwakani sitalitaja." Akanyoosha mkono kutafuta goti la Hamoud, akaligusa, kisha akautoa mkono haraka, kama mtu aliyegusa jiwe la kisimani.

Mechi ya kwanza ya msimu Hamoud aliumwa jino, akabaki nyumbani. Tufani ilishinda, na ilikuwa imesahau kushinda. Mechi ya pili alikwenda, akasimama, akaimba, jukwaa likampokea, na Tufani ikafungwa goli la kijinga na beki wake mwenyewe. Mechi ya tatu alikuwa Makunduchi kwenye harusi ya upande wa mkewe. Tufani ilishinda tena.

Siku ya pili yake Pandu aliingia dukani, harufu ya samaki ikimtangulia.

"Hamoud, ndugu yangu. Unaipenda Tufani?"

"Swali gani hilo?"

"Basi tufanyie hisani. Endelea kufa."

Hamoud alikuwa akimnyoa mteja. Aliuinua wembe, akasubiri kicheko. Pandu hakucheka.

"Kamati ya ufundi imekaa," alisema. Kila mtu mjini anajua kamati hiyo haihusiki na ufundi wa mpira; ndiyo inayoamua timu iingie uwanjani kwa lango gani, na nani asikanyage mstari wa katikati. "Umetajwa pamoja na marehemu, na tokea siku hiyo tukishinda, tunashinda wewe hupo. Njoo uwanjani, hatukukatazi. Lakini usiimbe. Na sisi hatutakuita jina wala kukuzungumzisha, mpaka tulichukue kombe."

"Na kunyoa?"

"Kunyoa tutakuja. Maiti hakatazwi kazi."

Hapo Hamoud alicheka, akafuta macho kwa mkono wa kanzu, akakubali. Alikubali kwa kuwa aliipenda timu, na kwa kuwa alidhani ni mzaha. Tena, moyoni mwake, aliona fahari kidogo. Wachezaji hushinda kwa miguu. Yeye angeshinda kwa kutokuwapo.

Salamu walimwachia, maana kuitikia salamu ni wajibu. Lakini Pandu alibuni mzaha wake: alipopita mlangoni mwa duka alitoa ile salamu anayoitoa mtu akipita makaburini. Watu walicheka wiki ya mwanzo. Wiki zilizofuata waliendelea kuitoa, ila hawakucheka tena. Waliteremsha macho, wakaharakisha mwendo.

Wateja walikuja. Walikaa kitini, wakafumba macho, wakanyolewa. Walipoyafumbua walijitazama kiooni, wao wenyewe tu, wakanyanyuka. Hamoud, aliyesimama nyuma yao ndani ya kioo hichohicho, alianza kujikagua baada ya kila mteja kuondoka. Aliukaribia uso wake. Alisema neno moja moja kwa sauti ndogo, apate kuona midomo inatikisika. Walikuwa wakizungumza baina yao, habari za kona na penalti, na maneno yalipita juu ya mikono yake kana kwamba mikono ile haina mwenyewe.

Na Tufani ilishinda. Kila Alhamisi, kila Jumapili, ilishinda. Uwanjani Hamoud alikaa mahali pake pa siku zote, mdomo umefungwa, jua machoni. Siku moja mtu mnene alikuja akamkalia pajani. Hakuwa na ugomvi, alikuwa hakumwona. Alishtuka, akasoma kitu chini ya pumzi, akahamia safu ya mbele bila ya kugeuka.

"Mie sina mume maiti," Kidawa alimwambia jioni ile, akimwekea bakuli la urojo. "Maiti hanimalizii bajia. Baba Basma, mchezo huu si mzuri. Kawaambie wakuache."

"Zimebaki mechi chache."

"Na sauti yako ishaanza kwenda. Unanizungumzisha kama mtu aliye chumba cha pili."

Hilo alikuwa ameshaliona mwenyewe.

Wakati huo likatangazwa tamasha kubwa Amaan. Hamoud alikwenda mapema, watu wakiwa bado wanaingia na jua halijatua. Alitaka kuimba katikati ya watu wasiojua kwamba amekufa. Jukwaa la wanamuziki lilijengwa mbele ya jukwaa la jua, na viti vya nyuma yake vilifungwa kwa kamba. Hapakuwa na mtu huko. Muziki ulipoanza aliusikia ukipanda kutoka chini ya nyayo zake. Mwimbaji alinyoosha kipaza sauti kuelekea kwa watu, na watu wote wakafungua vinywa.

Hamoud naye alifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Palikuwa na pumzi, palikuwa na maneno, lakini sauti haikuwamo. Alijaribu tena mpaka mishipa ya shingo ikamuuma. Msichana aliye karibu naye aliimba huku akitabasamu, akimtazama usoni, kisha tabasamu likamfifia akasogea kwa rafiki yake.

Ndipo alipoisikia. Ilitoka nyuma ya wanamuziki, kwenye viti vilivyofungwa kwa kamba, kule juu ambako giza lilikuwa linaanza kukaa. Ilikuwa sauti ya mtu mmoja, pana, ikianzisha wimbo wa Tufani. Aliijua kama anavyoujua mkono wake. Ilitoa mstari wa kwanza, ikanyamaza pumzi moja, ikasubiri. Hakuna aliyeipokea. Ikaanza tena.

Mpiga zumari aligeuza kichwa kutazama nyuma. Kisha akaendelea kupiga.

Yawezekana ni spika. Uwanja wenye spika kubwa hurudisha sauti kwa namna za ajabu. Hamoud alijiambia hivyo njia nzima mpaka Mpendae, anakokaa. Usiku hakulala. Alikuwa haogopi kufa, kila mtu atakufa. Aliogopa kwamba sauti yake imehamia upande wa wale waliotajwa, na kwamba msimu ukimalizika itakuwa imeshazoea huko.

Kulipokucha alimwambia Kidawa: "Fainali nitaimba."

"Hata wakifungwa?"

"Hata wakifungwa."

Fainali ilikuwa dhidi ya Reli, timu ya Bububu. Mpaka dakika za mwisho hapakuwa na goli. Jukwaa la jua lilikuwa limenyamaza kabisa, ngoma zimewekwa chini, watu wanauma kucha. Hamoud alisimama. Kombe lilikuwa pale, limefunikwa kitambaa mezani, na kama angeliharibu, mji wote ungemkumbuka kwa hilo. Alivuta pumzi kutoka mbali, akatoa mstari wa kwanza.

Ulitoka mkwaruzo kwanza, kisha ukafunguka.

Pumzi moja ilipita. Aliihesabu kuwa ndefu kuliko zote za maisha yake. Halafu jukwaa likampokea, lote kwa pamoja, kwa kishindo kilichopeperusha kunguru kutoka kwenye taa za uwanja. Hamoud alilia. Aligeuka kulia na kushoto awatazame usoni. Hakuna aliyekuwa akimwangalia. Waliimba wamekodoa macho juu, angani, na wengine nywele za mikono zimewasimama. Kona ilipigwa. Beki wa Tufani aliruka akatia kichwa. Goli.

Jioni ile klabuni kila mtu alikuwa na simulizi moja. Hamoud alikaa barazani, kikombe cha kahawa mkononi, akiwasikiliza.

"Mimi nliisikia, wallahi. Sauti ya marehemu."

"Ilitokea juu ya paa."

"Mie ilinipita hapa sikioni, baridi."

"Mungu amrehemu. Hata huko aliko anatuimbia."

Hawakuwa wakifanya mzaha. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

Siku ya pili Tufani ilikuwa itembeze kombe mjini, kisha iende Amaan kwenye tamasha la kuipongeza, na Pandu ndiye wa kulipandisha kombe jukwaani mbele ya watu wote. Asubuhi aliingia dukani na wenzake wawili. Alikaa kitini, akafumba macho. Ndevu zilikuwa zimemjaa. Alikuwa ameweka nadhiri asizinyoe mpaka kombe.

Hamoud alimfunga shuka shingoni, akampaka povu, akaanza upande wa kulia.

"Tumeshazungumza na Mzee Gharib," Pandu aliwaambia wenzake, macho kafumba. "Lile jina asilitoe. Mwakani alitaje tena. Na mwaka wa pili yake."

"Kakubali?"

"Katoa machozi, lakini kakubali. Kombe ni kombe."

Wembe ulisimama chini ya sikio. Hamoud alikuwa amemaliza shavu la kulia, laini kama la mtoto. La kushoto lilikuwa limejaa povu na manywele.

"Niite," alisema.

Pandu hakujibu. Koo lilimpanda na kushuka chini ya mkono wa kinyozi. Wenzake wakatazama sakafu.

"Pandu. Niite jina langu."

Feni ilikuwa ikizunguka. Hamoud alihisi mapigo ya shingo ya Pandu kwenye vidole vyake, na kwa mara ya kwanza tangu hitma akahisi kwamba mtu mwengine anamhisi yeye. Alingoja. Kisha akakunja wembe, akautia mfukoni, akamfungua shuka.

"Nshamaliza. Nenda."

Pandu alifumbua macho, akajiona kiooni. Alimtazama Hamoud ndani ya kioo, akafungua mdomo, akaufunga, akapiga ngumi kitini. Kombe lilikuwa linamngoja, na kabla ya saa moja kupita gari la wazi lingekuwa Darajani. Alitoka mbio, wenzake nyuma yake, povu likimdondoka kifuani.

Mkunazini hapiti mtu mwenye nusu ya ndevu asiulizwe. Muuza maembe ndiye wa mwanzo.

"Pandu! Kumekusibu nini, bwana? Nani kakufanya hivyo?"

Hatua za kukimbia. Mtu wa pili akauliza, kwa kicheko. Bibi mmoja akatoa kichwa dirishani, "Yarabi, nani kakunyoa weye?" Watoto wakamfuata wakiimba. Vicheko vikaongezeka, vikapinda kona pamoja naye, mpaka pale njia panda, mbele ya watu wote waliokuja kulilaki kombe, subira ilimkatika.

"Hamoud!" alipiga ukelele. "Hamoud Khalil! Kinyozi mwenda wazimu! Yupo dukani kwake, kamwulizeni mwenyewe!"

Dukani, Hamoud alikuwa amekaa katika kiti cha wateja, mikono magotini. Alisikia jina likirudi kwa njia ya vichochoro, likipokewa na mdomo mmoja baada ya mwengine, kwa hasira, kwa kicheko, kwa mshangao. "Nani? Hamoud? Si alikufa?" "Amekufa wapi!" Lilikuja likikua, mpaka likafika mlangoni pamoja na miguu ya watu, na kivuli cha wa mwanzo wao kikaangukia kizingitini.

Hamoud akanyanyuka, akakikung'uta kiti.