Kioo cha Chemli kwa Kipimo cha Mkono Wangu

Mpaka leo sijui kwa nini nilichaguliwa mimi kwenda Japani. Kazi yangu ilikuwa kupanga madaraja ya pamba pale Bariadi: hii safi, hii fifi, yaani ya daraja la chini, hii rudi nayo nyumbani ukachambue upya. Mkulima ananuna, mimi nanuna, siku inapita. Halafu soko huria likaingia. Wanunuzi wakaja na malori yao wakazoa kila kitu, hata pamba yenye mchanga, na mpanga madaraja akabaki kama pambo. Ndipo nikaambiwa nimepata mafunzo ya wiki sita ya mambo ya nyuzi. Nadhani wakubwa wa kazini walitaka kunipoza.

Jumapili moja mkalimani wetu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alitupeleka kwenye mji wa zamani kando ya ziwa. Asubuhi ile ziwa lilikuwa limetulia, ukungu umelala juu yake, na kwa kitambo nikaamini kabisa kwamba niko Nyashimo, kwenye ziwa letu, na Wajapani ndio waliokuja kutembea.

Akatuingiza kwenye mtaa wa wafanyabiashara wa kale. Nyumba za mbao, kuta nyeusi ti, madirisha ya fito nyembamba, na mfereji wa maji ukipita kimya kimya pembeni. Zamani mwenye duka aliuza mbele akalala nyuma, kama wenye maduka wetu tu. Mkalimani akasema miaka ya karibuni maduka yale yalifungwa moja baada ya jingine, mpaka wenyeji walipoamua kuziokoa nyumba kwa kufungua humo karakana za vioo. Nilimsikia kwa mbali. Kila mlango ulining'inizwa vikengele vya kioo, upepo ukipita vinalia taratibu, na jua likiingia ndani linatoka na rangi nyingine. Nilitembea kama mtu aliyelala macho wazi. Nikaona bakuli, maua, samaki wa kioo. Halafu dirishani nikaona taa ya mafuta, na kioo chake cheupe kimevimba katikati. Nikasimama papo hapo.

Nyumbani kwetu Ngulyati tulikuwa na chemli moja. Ilikuwa taa ya kusomea, mimi na dada yangu, aliyenitangulia miaka minne. Kila jioni kabla jua halijazama baba alinipa mimi kioo nikisafishe kwa majivu na kitambaa, maana mkono wangu ndio uliokuwa ukiingia. Siku moja nilikuwa nakisafisha huku naangalia ndama wanavyopigana, kikaniponyoka. Dada akaja mbio na ufagio. Baba akamkuta ameshika ufagio, vipande viko miguuni pake.

Ilikuwa miaka ya dhiki, dukani hakuna sabuni, sembuse kioo cha taa. Baba akauliza nani kavunja. Dada akanyamaza. Na mimi, nisitiri Mungu, nikanyamaza. Wiki ile ile dada alikuwa amepata habari kwamba amefaulu kwenda sekondari. Baba akasema mwenye mikono ya kuvunja taa hana haja ya taa, akae nyumbani. Dada akalia siku mbili. Baada ya mwaka na nusu akaolewa Migato, na ng'ombe wa mahari yake ndio walionisomesha mimi.

Sasa usiniulize kwa nini sikununua kioo Bariadi. Soko huria lilipokuja, vioo vya chemli vilining'inia kila duka. Nilikuwa nikivipita najitia hamnazo, nikiona aibu hata mbele ya muuza duka asiyenijua. Lakini kule, ndani ya mtaa mweusi, mbali na kila anayenijua, aibu ilinilegea. Nikamwambia mkalimani nataka nitengenezewe kioo cha taa.

Fundi alikuwa mzee mfupi, taulo kichwani. Akauliza kipimo. Kipimo? Nilisimama pale kama zuzu. Kisha nikakumbuka kipimo pekee nilichokijua. Nikakunja ngumi, nikamwonyesha: mkono huu uingie, ubane kidogo tu. Akaupima kwa koleo lake bila kucheka, akachota uji wa moto kutoka tanuri, akapuliza. Nilikiona kikivimba, chekundu, halafu cha asali, halafu cheupe kama si kitu. Mkalimani akanieleza kwamba kioo hupoozwa polepole, kikiharakishwa kinapasuka, kwa hiyo wataniletea bwenini. Kilinifikia baada ya siku tatu, ndani ya sanduku lililojaa karatasi. Nilikipakata njia nzima ya kurudi, kwenye ndege na kwenye basi, nikikataa kukiweka juu ya mizigo.

Nilifika Migato mchana. Dada alikuwa uani amekaa juu ya gunia, anachambua pamba, safi huku, fifi huku, ingawa hakuna tena mnunuzi anayeuliza. Tukaamkiana. Mhola? Mhola duhu. Nikaketi kando yake, nikampa sanduku.

Alikitoa, akakiangalia kwa muda. Akaingia ndani akarudi na chemli ya baba, ile ile. Aliichukua baba alipofariki, na siku zote ilikaa bila kioo. Akakipachika. Hakikukaa. Kilikuwa kipana, kikaining'inia ile taa kama koti la kuazima.

"Ulipima na nini?" akauliza.

"Na mkono."

"Mkono upi, huo?" Akanishika kiganja, akakigeuza, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Mdogo wangu, siku zile ulikuwa na kamkono ka mtoto wa miaka tisa."

Hapo nikashindwa kujikaza. "Dada, nilivunja mimi."

"Najua. Mimi nilikuwa naleta ufagio baba asikuchape."

"Kwa hiyo umeishi na hasira na mimi miaka yote hii."

"Hasira na wewe?" Alionekana kushangaa kweli. Akaurudisha mkono wangu pajani kwangu, akachukua donge jingine la pamba. "Kioo kile alikuwa akikupa nani usafishe?"

"Baba."

"Kwa nini hakunipa mimi?"

Mkono wake ulikuwa hauingii. Baba alilijua hilo kila jioni ya Mungu, alilijua hata siku ile alipomkuta na ufagio.

Nilimwonea baba hasira, mara ya kwanza maishani mwangu, na baba mwenyewe yuko kaburini. Miaka yote hiyo nilidhani mimi ndiye niliyemnyima dada shule.

"Hata kingevunjika kibuyu," dada akasema, mikono yake haijasimama, "wa kubaki nyumbani ningekuwa mimi." Kisha akanisogezea nusu ya lile rundo, nikaanza kuchambua.